Kalinga Alilikataa Kabati Lake

Kijiwe chetu kiko Mwanjelwa, kwenye baraza la kibanda cha Abdulkarim, fundi redio tunayemwita Waya, pale malori ya viazi yanapogeuzia. Kuna benchi refu lenye mguu mmoja mbovu, jiko langu la mkaa, na birika ambalo babu yangu alilileta alipokuja huku kutoka pwani na biashara ya chumvi. Mimi ni Rukia, muuza kahawa. Wanaume hawa nimewasikiliza miaka mingi wakibishana juu ya mpira, juu ya mbolea, na kama mwezini kuna baridi kuliko Kitulo, na sijawahi kumsikia hata mmoja wao akisema "sijui". Alhamisi ile walikuja mapema kuliko kawaida, ukungu bado umelala barabarani, wamevaa makoti yao ya msibani. Wakaketi. Hakuna aliyekuwa na hakika kama anakwenda kuzika au anabaki.

Aliyefariki ni Kalinga, mpiga gitaa wa bendi ya dansi tangu ujana wake, tuliyemwita Solo. Saa nane mchana mwili ungetoka hospitali kwenda kwao Kilolo. Lakini kabla ya kukata roho alimwachia binti yake, Esnath, maneno haya: "Watu wa kijiweni wasishike jeneza langu. Wala wasinitie udongo." Esnath alinipigia simu alfajiri kunieleza, analia, ananiomba mimi ndiye niwaambie. Nikawaambia. Katibu alikaa na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa, nami nikammwagia chini bila kumwuliza, maana nilikuwa na hasira nao wote.

Katibu jina lake hasa ni Zabron. Aliwahi kuwa katibu wa chama cha ushirika, na mpaka leo hawezi kununua kitumbua bila kufungua kikao.

Katibu: Jamani, hili tulipangie. Hatuwezi kwenda Kilolo tukafukuzwa makaburini kama wezi wa kuku. Kwanza tujue, kwa nini Solo alisema ile sauti tuliyompelekea sio yake?

Masafa: Kosa la kompyuta hilo. Liko wazi.

Katibu: Kompyuta imekosa nini?

Masafa: Kompyuta haijawahi kulala Igawa.

Masafa ni Obeid, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma na Dar. Kwake yeye kila kitu duniani kilianzia njiani.

Masafa: Nyie mnacheka. Ile Kabati mimi ndio niliipakia kwenye lori ilipotoka Zambia. Imekula vumbi la Igawa, imekula ubaridi wa Makambako, imemwagiwa pombe ya ulanzi pale Iringa na bwana harusi mwenyewe. Sasa wewe unachukua kompyuta ya juzi, inakaa kwenye begi lenye sponji, unataka itoe sauti ya namna hiyo?

Rabson: Mzee Masafa, kompyuta haihitaji kula vumbi. Inasikiliza tu.

Masafa: Ndio tatizo. Inasikiliza tu.

Lazima nieleze Kabati ni nini. Ni amplifaya ya gitaa ya Kalinga, ile ya zamani yenye valvu, taa za kioo zinazowaka nyekundu kwa ndani na kuchemka kama jiko. Ilikuwa kubwa, ndiyo maana tukaiita Kabati. Karatasi ya spika yake ilichanika miaka mingi iliyopita, wacheza dansi walipoliangusha harusini, na Kalinga akaibandika kwa kitambaa na gundi ya unga wa ngano. Tangu siku hiyo Kabati lilikwaruza. Sauti ilitoka kama mtu mwenye mafua anayeimba akiwa na furaha zake. Ukipita nje ya ukumbi usiku, hata kama humwoni mpigaji, ulijua Solo yumo.

Mwaka huu Kalinga alipooza upande wa kushoto. Mkono wa kubonyeza nyuzi ukafa. Valvu nazo zilikuwa zinazimika moja moja na madukani hazipo. Ndipo Rabson, kijana mwenye studio hapo nyuma ya soko, tunayemwita Dijitali, akaja na habari kwamba sauti ya amplifaya inaweza kunakiliwa kwenye kompyuta. Unapitisha milio kwenye amplifaya, piii, shaaa, kompyuta inasikiliza amplifaya inavyojibu, inajifunza, halafu siku nyingine unachomeka gitaa kwenye kompyuta na sauti inatoka ileile. Tukafurahi mno. Tukasema Solo atasikia Kabati lake hata valvu ya mwisho ikifa.

Katibu: Dijitali, tuambie sasa, mbele ya wajumbe. Ulinakili au hukunakili?

Rabson: Nilinakili, mzee. Fresh kabisa. Nikapima mara ya kwanza, nikapima mara ya pili. Hata mimi nikifumba macho nilikuwa sijui ipi Kabati na ipi kompyuta.

Katibu: Sasa kwa nini mwenyewe alikataa?

Rabson: Labda mikono. Kule kwake niliyepiga ni mimi. Yeye alikuwa na kidole chake kile cha shahada, kinavuta uzi kwa pembeni. Mimi sina kidole kile.

Katibu: Hapana. Solo hakusema "mikono sio yangu". Alisema "Kabati sio langu".

Masafa: Basi umeme. Kabati ilizoea umeme wa jenereta za kumbi. Ule wa jenereta unakwenda na kurudi, unapumua. Huu wa nguzo umenyooka tu. Kompyuta imejifunza Kabati likiwa limenyooka.

Katibu: Hapo una hoja.

Rabson: Hana hoja, mzee! Umeme hauna lafudhi.

Masafa: Kijana, mimi nimeendesha gari kutoka Kapiri Mposhi. Usiniambie kitu haina lafudhi.

Waya, mwenye baraza, alikuwa amekaa mlangoni kwake na redio ya mtu magotini, haifungui, haiitazami. Kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kuropoka. Nikamwekea kikombe. Hakukigusa.

Katibu: Na mimi nina wazo. Nalitoa kwa masikitiko. Mnakumbuka zamani wazee walikuwa wanakataa kupigwa picha? Walisema picha inachukua kitu ndani ya mtu. Sisi tukawacheka. Sasa angalieni. Kabati lilinakiliwa mchana. Jioni ileile likaungua.

Hili lilikuwa kweli. Kabati lilikuwa bado studio, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na Kabati likatoa moshi mpaka majirani wakaja na ndoo. Halikuwaka tena.

Katibu: Sauti ilikuwa imeshatolewa yote. Likabaki ganda. Na ganda lazima liungue.

Masafa: Mwe! Na Solo mwenyewe?

Katibu: Na Solo mwenyewe alikuwa ameingia kwenye Kabati lile miaka yote. Pumzi yake, jasho lake. Ukilinakili Kabati unamnakili na yeye. Lilipoungua ...

Masafa: Akaanza kwenda. Hata mwezi haujaisha.

Katibu: Sisemi kwamba kijana ameua.

Rabson: Unasema, mzee! Ndio unachosema hapo!

Masafa: Na siku ile kule chumbani uliweka maikrofoni karibu na kitanda. Mimi niliona. Ulimrekodi mgonjwa anakohoa.

Rabson: Ilikuwa ya gitaa! Wazee, mnanipakazia. Nani alinituma? Si nyie? Nani alinibebea spika? Nyie nyie. Leo mtu amekufa, kila mmoja anatafuta wa kumtupia. Mkitaka niondoke semeni, naondoka.

Akasimama. Nilimwonea huruma, maana katika wote hao yeye ndiye aliyemlilia Kalinga bila kujificha. Nikamwambia kaa, mwanangu, kunywa. Nikawaambia na wale wawili wafunge midomo yao au wakanywe kahawa kwingine. Ndipo Waya akaweka redio chini.

Waya: Mwacheni mtoto wa watu. Aliyebadilisha spika ni mimi.

Katibu: Hilo tunalijua, Waya.

Waya: Mnalijua, mbona hamlisemi? Toka asubuhi mnazungumza majenereta na mizimu. Nilitoa spika iliyochanika, nikaweka nzima. Nikabadilisha na zile kapasita zilizovimba, ikaacha kunguruma. Nikaosha vumbi. Ile Kabati iliyokwenda studio haikuwa inakwaruza. Ilikuwa safi kama redio ya benki.

Masafa: Lakini tulikubaliana wote.

Waya: Ndio. Tulikubaliana wote.

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku moja kabla ya kunakili, Kabati lilikuwa hapahapa barazani, na Katibu akauliza kama ni heshima kulipeleka likiwa vile. Huku kwetu mtu hapigwi picha na matope ya shamba. Hata kama una gauni moja unalifua, unalipiga pasi, unajipaka mafuta, ndipo unasimama mbele ya mpiga picha, kwa sababu picha itabaki na wewe utaondoka. Tukasema sauti nayo ni hivyohivyo. Itabaki milele kwenye kompyuta, iweje ibaki na mafua? Mimi mwenyewe nilitoa kitambaa cha kufutia. Waya alipolijaribu likatoa sauti tamu, nyororo, tukapiga makofi. Tukasema tusimwambie Solo, tumshtukize.

Tulikwenda kwake Ilemi na ile nakala, spika tumebeba mabegani. Esnath akamwinua baba yake kwenye mito. Rabson akachomeka gitaa la mzee, akapiga. Kalinga alisikiliza amefumba macho, na sisi tukawa tunatazamana kwa tabasamu. Kisha akafumbua macho. Akasema kwa ule mdomo uliopinda:

— Kabati langu liko wapi?

— Si ndilo hilo unalisikia, mzee, Katibu akamjibu.

— Hilo si langu.

Tukacheka kidogo, tukidhani anatania.

— Mmeliuza, akasema. Mmeliuza, mmeniletea la mtu mwingine.

Tungeweza kumwambia pale pale. Lakini kumwambia kwamba tumelitengeneza kungefuatiwa na kumwambia kwamba limeungua, na njiani tulikuwa tumekubaliana kwamba mgonjwa hashtuliwi. Basi tukanyamaza. Kalinga akageuza uso, akautazama ukuta. Tukaaga, hakuitikia.

Katibu: Kosa letu lilikuwa la nia njema.

Waya: Ametuita wezi, Katibu. Mimi hapo ndipo nilipokasirika. Miaka yote hiyo namtengenezea bure, halafu naitwa mwizi mbele ya binti yake.

Masafa: Na mimi. Nilisema, akitaka nirudi kule aniite.

Katibu: Hata mimi nilisubiri neno lake. Mtu akikutukana anakuita, mnasuluhishana. Ndio utaratibu.

Rabson: Mimi niliogopa tu.

Katibu: Basi sasa jambo limepatikana. Tunayo sababu. Tunakwenda kwa familia, tunaeleza: spika ilibadilishwa, kapasita zilibadilishwa, hatukuuza. Waya unachukua ile spika ya zamani kama ushahidi.

Waya: Ile spika walipita wa vyuma chakavu.

Masafa: Basi twende hivyohivyo. Tueleze kwa mdomo. Familia itaelewa, jeneza tutashika.

Nikaona wameanza kupata nafuu. Katibu alikunjua mgongo. Masafa akaomba kikombe kingine. Walikuwa wamepata maelezo, na mwanaume akishapata maelezo anajiona ameshasamehewa. Ilinikera, lakini na mimi moyo ulikuwa umelegea kidogo, siwezi kudanganya.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge cheusi kiunoni, begi la safari mkononi, viatu vina udongo mwekundu. Akasimama mbele ya benchi.

— Kamwene, akatusalimu Kihehe. Samahani. Nimeambiwa hapa ndipo wanapokaa marafiki wa Kalinga.

Katibu: Ndipo hapa, dada. Karibu. Pole kwa msiba.

— Asanteni. Poleni na nyie. Mimi naitwa Devota, dada yake Kalinga. Nimefika na basi leo asubuhi, kutoka stendi nimepitiliza hospitali, nyumbani kwake hata sijafika. Nimewafuata kwa shida moja tu. Wanaume wa kwetu wanatusubiri Kilolo. Huku hatuna watu wa kubeba. Nataka wanne, wanisaidie kumtoa chumba cha maiti, na tukifika wamshushe.

Nikaelewa mara moja. Huyu mama alikuwa hajaonana na Esnath. Hakuwa na habari ya lile katazo.

Masafa akainuka nusu, akatutazama, akanong'ona:

— Twende tu. Hajui.

— Kaa chini, nikamwambia.

Waya ndiye aliyesema. Alisimama, akavua kofia yake ya kufuma, akamweleza yule mama kila kitu: Kabati, spika, kompyuta, moshi, na maneno ambayo kaka yake alimwachia Esnath. Alieleza vizuri, hakuficha. Katibu aliingilia hapa na pale kufafanua mambo ya kapasita. Rabson alitoa simu, akataka amsikilizishe ile sauti iliyonakiliwa. Devota akamzuia kwa mkono.

Devota: Hapana, mwanangu. Mimi mambo ya mashine siyajui.

Katibu: Dada, tunachoomba ni uelewe. Marehemu alikasirika kwa sababu sauti ilibadilika. Akadhani tumeuza mali yake. Sisi hatukuuza.

Devota: Nimesikia. Lakini mimi nilikuwa naongea naye kwa simu. Kila jioni nampigia. Hakuwahi kunitajia kabati. Kila jioni alikuwa ananiambia, leo pia hawajaja.

Katibu akaweka kikombe benchini.

Devota: Nikawa namwuliza, akina nani? Ananijibu, wenzangu. Nikamwambia, watu wana kazi, watakuja. Juzi nikampigia, akaniambia, usiwataje tena. Sasa nilikuwa sijaelewa.

Waya alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Masafa alikuwa anatazama matope barabarani. Nilitamani Katibu aseme jambo lolote, hata la kijinga, nimtambue tena.

Devota hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa rahisi kwetu. Alitazama upande mmoja wa barabara, akatazama upande wa pili, kama mgeni yeyote anayetafuta njia, kisha akauliza:

— Mimi mji huu siujui. Kutoka hapa mpaka nyumbani kwake, ni mbali?

Mtoto wa chekechea angeweza kulijibu hilo. Rabson alifunika uso kwa viganja. Katibu, mtu wa vikao vyote vya ushirika, alikitazama kikombe chake. Devota akasubiri. Alipoona wanaume hawajibu akanigeukia mimi.

— Eti, mama?

Nikashika birika, nikaanza kumimina, na kikombe kilikuwa kimejaa tangu zamani. Kahawa ikanichoma vidole. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na jiko, nilikuwa na biashara, kwamba mwanamke haendi peke yake kwa mgonjwa mwanaume. Yote hayo ni uongo. Nilijua kila siku kwamba yuko pale amelala, na kila siku niliwasha jiko langu nikakaa.

— Basi, akasema Devota taratibu. Asanteni.

Akavuka barabara. Ng'ambo walikuwapo vijana wa bodaboda wanasubiri abiria. Tulimwona anaongea nao, anaonyesha kule hospitali kwa mkono. Hatukusikia maneno. Tuliona mmoja anavua jaketi lake la njano la kazi, analikunja, analiweka kwenye kiti cha pikipiki. Na wenzake wakafanya vilevile. Wakamfuata wanne, na aliyetangulia akampokea begi.

Wale vijana hawakumjua Kalinga hata kwa sura. Walikuwa hawajazaliwa wakati anajaza kumbi.

Hakuna aliyeondoka kijiweni. Wateja walikuja, wakaona sura zetu, wakaondoka. Mchana gari likapita mbele yetu, pikapu nyeupe yenye turubai, likishika barabara kuu ya kwenda Igawa na Makambako. Vijana wanne walikuwa wamekaa nyuma, kila mmoja ameweka mkono juu ya jeneza lisitikisike. Devota alikuwa mbele na Esnath. Esnath alituona. Hakupunga mkono.

Tulisimama mpaka gari likapotea nyuma ya malori. Kisha tukakaa tena, maana hatukuwa na kwingine kwa kwenda.

Masafa: Sio mbali. Kwa mguu ni dakika kumi.

Hakuna aliyembishia.